Tofali Kinuni

Ngano ikishalowekwa haimngoji mtu. Siku ya kwanza imevimba, ya pili imeanza kuchacha, ya tatu hata kuku wanaipita pembeni. Hürmüz alilijua hilo tangu utotoni, na asubuhi ile ya Jumatano, akiwa amesimama katikati ya uwanja wa Yarıkkaya na kitambaa chake cheupe kichwani, kila mara alikuwa akiinama, anachota ngano kidogo kwenye karai na kuinusa.

Karai zilikuwa mbili, na ngano yote ilikuwa ya arusi ya bintiye, Selvinaz. Kando yake palikuwa na kinu cha kijiji, jiwe kubwa jeusi lililochimbwa katikati, la zamani kuliko msikiti wenyewe. Nyundo sita za mti zilikuwa zimeegemezwa juu yake, kavu. Mpiga ngoma na mpiga zumari waliokodiwa kutoka mjini walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wakipiga miayo.

"Mama, watwangaji wako wapi?" aliuliza mwenye zumari. "Tangu jua halijatoka tupo hapa. Au tumekosea kijiji?"

"Hamjakosea, mwanangu. Wanakuja."

Walikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, ndani ya mkahawa, wanaume thelathini nyuma ya vioo, wanakunywa chai na kumtazama. Na kila mmoja wao alikuwa amepokea sabuni yake. Yarıkkaya mtu haalikwi arusini kwa maneno matupu. Anapelekewa kipande cha sabuni na leso, na akivipokea amekubali kuja kutwanga. Asiyetaka anarudisha. Hürmüz alikuwa amepita nyumba arobaini na mbili wiki ile, na hakuna aliyerudisha hata leso moja. Walipokea, wakashukuru, wakamwombea bibi arusi kila la heri, wakaiogea sabuni yenyewe, kisha wakaja kukaa mkahawani wananukia vizuri ili wamwone mjane akiadhirika. Watu wa namna hiyo.

Pasipo ngano iliyotwangwa hakuna bokoboko, na pasipo bokoboko la ngano iliyotwangwa kwa ngoma na wanaume wa kwao, bibi arusi anaondoka kijijini kama kitu kilichookotwa njiani. Hakuna mahali lilipoandikwa hilo, ila kila mama mkwe analijua: binti ambaye ngano yake kijiji kimeikataa hana watu nyuma yake, na siku atakayopigwa huko aliko hakuna atakayekuja kugonga mlango kuuliza kwa nini. Wakwe walitarajiwa kesho yake adhuhuri. Bokoboko linataka kukaa motoni saa nyingi. Kwa hiyo ilikuwa leo, tena kabla ya alasiri.

Kosa alilokuwa akilipishwa lilikuwa la miaka saba nyuma, na wala halikuwa lake. Mwaka ule mnara wa msikiti ulipasuka, na marehemu mumewe, fundi Şerafettin, ndiye aliyepewa kuujenga upya. Fundi yule alijengea udongo wa kale: chokaa iliyolala shimoni miaka, ikachanganywa na vumbi la tofali la kuchoma lililotwangwa likawa laini kama unga. Baridi ya majira yale ikampasulia kinu chake cha kutwangia tofali, akaomba wiki mbili achonge kingine. Veysel, mkuu wa kijiji, alikuwa ameshamwahidi mkuu wa wilaya siku ya kuja kuufungua mnara, na habari za wiki mbili hakutaka kuzisikia. "Kwani hiki si kinu?" akasema, akionyesha kile cha uwanjani. Fundi akakataa katakata. Kinu cha ngano kinatia riziki midomoni mwa watu, akasema, hakiguswi na chokaa wala tofali. Basi asubuhi moja wana wawili wa Veysel mwenyewe, majitu mazima, wakalitwanga tofali humo kabla watu hawajaamka, wakampelekea fundi vumbi likiwa guniani. Naye akalitumia. Ukitaka kumtafutia Şerafettin kosa, ndilo hilo: alilitumia.

Kinu kikaoshwa kwa ndoo nne za maji. Lakini jiwe lina vitundu, na chembe za tofali zikishaingia humo hazitoki kwa maji. Wiki tatu baadaye Veysel akamwoza mwanawe wa kwanza. Ngano ikatwangwa, bokoboko likapakuliwa, na mkuu wa wilaya, mgeni wa heshima, akavunjika jino kwa kijiko cha kwanza. Wilaya nzima ilicheka. Mpaka leo watu wa Yarıkkaya wakienda sokoni huitwa Walatofali, na wauza mboga huwauliza kama leo wanataka la kuchoma au bichi.

Veysel alikuwa wa kwanza kumnyooshea fundi kidole mbele za watu. Kisha kwa siri akamwendea nyumbani akamshika magoti. Ibebe aibu hii kwa msimu mmoja tu, ndugu yangu, nisije nikanyang'anywa muhuri wa ukuu. Nitakuja kuisafisha mwenyewe, neno langu. Fundi akakubali, akanyamaza. Msimu ukapita, ukapita na wa pili. Hakuna aliyemwita tena kujenga hata banda la mbuzi. Mkahawani akikaa, wenzake wananyanyuka. Alipokufa, mapafu yameliwa na chokaa, jeneza lake lilibebwa na watu wanne, na wawili kati yao walikuwa wapita njia. Alikufa kikondoo, bila kumtaja mtu.

Jua lilipofika juu ya paa la msikiti, Hürmüz akapiga moyo konde akaenda mpaka mkahawani. Mwanamke haingii mle; alisimama kizingitini. Hakuna aliyegeuka, kwa sababu wote walikuwa wakimsikiliza Bahri. Huyu Bahri alikwenda vitani Korea na kikosi chetu, akarudi na nishani moja, sikio moja bovu na maneno kumi ya Kiingereza, na kwa hayo kumi aliwatawala wote.

"Nyamazeni niwasomeshe," alikuwa akisema. "Kwa Kituruki chetu, havan ni nini? Ni kile kinu cha shaba cha mke wangu, cha kutwangia kahawa. Na havan tena ni nini? Ni ule mzinga ulionila sikio. Sawa. Udongo wa kujengea haumo, wenyewe una jina lake. Sasa Mmarekani ni mvivu wa maneno, jamani! Kinu, mota. Mzinga, mota. Udongo wa fundi, nao mota! Kwa hiyo kwa Mmarekani marehemu Şerafettin hana kosa lolote. Alitwanga mota ndani ya mota, na mkuu wa wilaya akalipukiwa na mota mdomoni!"

Walicheka mpaka vikombe vikagongana. Hürmüz alingoja wamalize. Alikuwa amejifunza kungoja.

"Jamani," alisema, "ngano inachacha. Mlipokea sabuni zangu."

Mmoja akaanza kukoroga chai ambayo hakuitia sukari.

"Mgongo, bibi," alisema mwingine. "Tangu jana mgongo huu sio wangu."

"Mimi bega."

"Mimi dada naogopea meno," alisema Bahri, na mkahawa ukaangua kicheko upya.

Hapo Veysel akainuka. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye masharubu meupe yaliyochanwa vizuri. Akamchukua Hürmüz pembeni, chini ya mzabibu, akamtazama kwa huruma ya kutosha kumwagilia bustani.

"Shemeji," alisema, "mimi vijana nimewabembeleza tangu asubuhi. Wana kinyongo. Jina la Walatofali linawauma, na wanasema mjane hajawahi hata siku moja kufungua kinywa akakiri."

"Nikiri nini, Bwana Veysel? Wewe unajua nani alishika nyundo siku ile."

"Mimi? Mimi mtu mzima, nimeshasahau. Ila yule mwanangu mdogo akilewa anaropoka upuuzi, na mwezi ujao kuna uchaguzi. Watu wameanza kunong'ona. Sasa wewe njoo pale kinuni, sema maneno mawili. Kwamba alitwanga marehemu, na mimi nilimkataza. Basi! Ukishasema, nyundo zote sita zinaanguka, na ya kwanza nitaipiga mimi."

"Na wakwe zangu wakisikia?"

"Wakwe zako si wako Aşağıpınar? Haya ya hapa yanaishia hapa, hayavuki kisima. Neno langu."

Neno lake. Hürmüz alikuwa amelala kitanda kimoja na mtu aliyeuawa na neno hilo.

Alikwenda nyumbani kwanza. Selvinaz alikuwa amekaa sakafuni katikati ya masanduku yake, mikono yote miwili imefungwa vitambaa, hina inakolea ndani. Alikuwa na miaka kumi na tisa, uso wa baba yake, na ulimi ambao haukujulikana ameutoa wapi. Mama yake alipomweleza, hakuwaza hata kidogo.

"Usiende. Tupike wali. Tupike viazi, mama! Bokoboko la mbwa wale mimi silitaki."

"Uende kwa watu huna mtu nyuma yako?"

"Niende. Nuri hanioi kwa sababu ya ngano."

"Nuri ana mama, na ana mashangazi watatu. Wewe hujui midomo ya mashangazi."

"Na mzee Tahsin je?" Selvinaz alisema. "Mzee Tahsin ulimwapia juu ya mkate."

Hilo lilikuwa kweli. Tahsin, baba yake Nuri, alikuwa msagaji, na majira ya kuchipua alipokuja kuposa alikataa hata kahawa kabla hajauliza swali moja. Mimi kazi yangu ni jiwe na ngano, alisema, kwa hiyo niambie kweli: mumeo alitwanga tofali katika kinu cha watu? Hürmüz aliweka kiganja juu ya mkate akasema, hakutwanga. Uso wa mzee ukafunguka. Imetosha, alisema, mtu aliyenijengea mfereji unaozungusha mawe yangu, akawa ananawa mikono mara tatu kabla ya kugusa gunia la unga, nilijua tu wanamsingizia. Akanywa kahawa yake, akaomba na ya pili.

"Hatasikia," Hürmüz alisema. "Nani wa kumwambia? Mbele ya wageni hata Bahri ana haya."

"Baba naye alidhani Veysel ana haya."

Hürmüz alimzaba kofi. Selvinaz hakuweza hata kujishika shavu, maana mikono ilikuwa imefungwa. Alibaki akimtazama mama yake, machozi yanateremka na hakuna cha kuyafutia, na Hürmüz akatoka haraka kabla hajapiga magoti kumwomba radhi. Angepiga magoti, asingetoka tena. Uwanjani akainama kwenye karai akanusa. Ngano ilikuwa imeanza kuwa na kiharufu cha mtindi.

"Nasema," alimwambia Veysel.

Walitoka mkahawani wote, wamekunja mikono ya mashati, wakakizunguka kinu. Mgongo ulikuwa umepona, na bega pia. Hata wanawake walipanda mapaani kuona.

"Weka mkono juu ya kinu, shemeji," alisema Veysel.

Aliuweka. Jiwe lilikuwa la baridi.

"Mume wangu Şerafettin alitwanga tofali humu."

"Sauti, shemeji. Bahri ana sikio bovu."

"Upande huu ni Korea tupu," alisema Bahri, akiugeuza upande huo.

"Mume wangu Şerafettin alitwanga tofali humu!"

"Na nani alimkataza?"

"Wewe ulimkataza."

"Na yeye kwa nini hakusikia?"

Swali hili halikuwemo katika mapatano. Hürmüz akakaza kiganja juu ya jiwe. "Kwa kiburi," alisema.

"Na roho mbaya," aliongeza mwana mdogo wa Veysel, yule yule aliyetwanga tofali lenyewe kwa mikono yake. Hata hakuwa amelewa.

Wote wakangoja. Mpiga ngoma kutoka mjini, ambaye hakujua kitu, aliinamisha macho.

"Kwa kiburi na roho mbaya," alisema Hürmüz.

"Mungu amsamehe," alisema Veysel, akafuta machozi. Na yalikuwa machozi kweli, hilo ndilo linalotia kichefuchefu. Juu ya vichwa vyao mnara wa Şerafettin ulisimama bila ufa, na ule udongo wake katikati ya mawe ulikuwa umekauka mgumu kuyashinda mawe yenyewe.

Ngoma ikalia. Zumari ikapanda. Karai ya kwanza ikamiminwa kinuni, Veysel akapiga nyundo ya kwanza kama alivyoahidi, na vijana sita wakashika zamu, nyundo zinapishana hewani, hii inapanda hii inashuka, maganda yanaruka na wanawake wanapiga vigelegele. Aibu ya mambo ni kwamba Hürmüz alifurahi. Alisimama pale na mkono wake wa kulia, ule uliokigusa kinu, umefichwa chini ya mtandio, na moyo ukamcheza kwa kila kishindo, kwa kuwa binti yake sasa alikuwa na kijiji. Alijiambia wafu hawali ngano wala hawaolewi, na Şerafettin angeelewa. Angeelewa kweli, alikuwa mtu wa kuelewa kupita kiasi.

Kesho yake adhuhuri wakwe waliingia kwa magari matatu ya farasi, kengele shingoni mwa kila farasi, na gari la mwisho limetandikwa zulia jekundu la bibi arusi. Mzee Tahsin alishuka wa kwanza, mrefu, mkavu, unga umemkaa kwenye nyusi kwa miaka mingi kiasi kwamba hautoki tena. Nuri alikuwa nyuma yake katika koti jipya lililombana kwapani. Wanaume wakaketishwa uani, kijiji upande huu, wageni upande ule, na Veysel akajikalisha karibu na mzee Tahsin kana kwamba nyumba ni yake. Hürmüz mwenyewe alikuwa kwenye masufuria na upawa mkononi. Selvinaz alikuwa dirishani juu, chini ya shela jekundu.

Mzee Tahsin alionja, akatafuna polepole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii ngano imetwangwa na watu," alisema. "Mkono wa watu unaonekana. Mjane una majirani wema."

"Tulifanya wajibu wetu tu," alisema Veysel.

Hürmüz alisikia hayo kutoka pale alipokuwa, akashusha pumzi ambayo alikuwa ameishika tangu jana. Bado kidogo. Sahani moja moja, kahawa, dua, halafu binti apande garini na Veysel abaki na uchaguzi wake.

Lakini vijana wa Aşağıpınar walikuwa wamesikia kwamba Bahri ana hadithi za Korea. Wakamwomba. Naye Bahri alikuwa ameshiba, na hadhira mpya ilikuwa mbele yake, na hakuwa mtu wa kuacha kitu cha namna hiyo kipite. Haya haikumshika hata kidogo. Akaanza, havan ni nini, kile kinu cha shaba cha mke wangu, na havan tena ni nini, mpaka akafika kwa Mmarekani mvivu wa maneno, na mota ndani ya mota, na jino la mkuu wa wilaya. Uani palicheka kote, wageni na wenyeji, isipokuwa mtu mmoja.

"Uongo huo," alisema mzee Tahsin. Hakupandisha sauti. "Mkewe aliniapia."

"Uongo?" Bahri alishangaa kweli kweli, kama mtu aliyeguswa kwenye heshima yake. "Babu, juzi juzi tu, yaani jana, amekiri mwenyewe hapo uwanjani, mkono juu ya kinu! Kwa kiburi na roho mbaya, alisema. Si alisema, jamani?"

Vichwa thelathini vikaitikia, midomo imejaa. Mzee Tahsin alimgeukia Veysel. Na Veysel, ambaye neno lake halikuwa limemaliza hata siku nzima, alitazama ndani ya sahani yake akahema.

"Kwa bahati mbaya ndiyo, mzee wangu. Mimi nilimkataza sana."

Mzee Tahsin aliweka kijiko chini. "Mama Selvinaz," aliita. "Hebu njoo hapa."

Hürmüz alikwenda, upawa bado mkononi, bokoboko linadondoka kwenye vumbi.

"Majira ya kuchipua uliniambia hakutwanga. Jana umesema alitwanga. Siku gani ulisema uongo?"

Hürmüz alimtazama Veysel. Veysel alikuwa anatafuna. Akainua macho kwenye dirisha, na shela jekundu halikutikisika.

"Jana," alisema. "Jana ndio uongo. Walikataa kunitwangia ngano, wakaniambia nikisema watatwanga. Şerafettin hakutwanga. Walitwanga watoto wa huyu hapa, na yeye ndiye aliyewatuma!"

Uani pakawa na zogo. "Shemeji, usijiaibishe mbele ya wageni," alisema Veysel kwa upole. Mzee Tahsin akainua mkono, wakanyamaza.

"Nakuamini," alisema.

Hürmüz akafungua kinywa kumshukuru.

"Nakuamini kabisa," mzee aliendelea. "Mtu yule asingefanya. Na hata angefanya ningesema, keshazikwa, binti hana kosa lake. Lakini wewe ulijua hana hatia. Ulijua wewe peke yako dunia nzima, hakuwa na shahidi mwingine, na ukamuuza akiwa kaburini kwa karai mbili za ngano." Alisimama, akajipangusa magoti. "Mimi nitakufa kabla ya mwanangu, na mwanangu pengine kabla ya mkewe. Sitaki awe na mke aliyejifunza kwako namna ya kumtunza mume aliyekufa."

"Nilifanya kwa ajili yake!" Hürmüz alilia. "Kwa ajili ya mtoto!"

"Najua. Nuri, inuka."

Nuri alitazama dirishani. Kisha alitazama viatu vya baba yake, kwa muda mrefu, kama kwamba ndivyo vitakavyoamua. Akainuka. Magari matatu yakageuzwa, la zulia jekundu likawa la mbele badala ya la mwisho, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuzivua kengele farasi, yalitoka Yarıkkaya yakilia njia nzima kama yanayombeba bibi arusi.

Hürmüz alipanda ngazi. Selvinaz alikuwa ameshavua shela, analikunja juu ya goti, pembe kwa pembe, kwa viganja vyekundu vilivyokolea hina barabara.

"Mwanangu," alisema Hürmüz.

"Baba alimwamini Veysel kwa sababu alikuwa hamjui," alisema Selvinaz bila kuinua uso. "Wewe ulikuwa unamjua." Akaliweka shela sandukuni, akafunga kifuniko, akakaa juu yake.

Chini kelele zilikuwa zimerudi. Hürmüz alidhani watu wanaondoka, akatoka kuwaona wakiondoka. Walikuwa wamesogea tu, wamejaza nafasi walizoziacha wageni. Masufuria mawili yalikuwa bado yamejaa, na chakula kilichosomewa bismillahi hakimwagwi. Hilo lilisemwa na Veysel, na kila mtu akaona ni neno la busara. Wakampa njia. Upawa ukawekwa tena mkononi mwake, maana kwenye arusi mwenye nyumba ndiye anayepakua, na sahani iliyonyooshwa haikataliwi.

Ya kwanza ilikuwa ya Veysel. Akamjazia. Veysel alionja pale pale akiwa amesimama, akafumba macho, akasogeza ulimi pembe zote za mdomo, akitafuta.

"Safi, shemeji," alisema. "Laini kabisa. Hakuna hata chembe."

Nyuma yake Bahri alikuwa ameshanyoosha sahani. Hürmüz akachota.